HAIFUNGUKI: KAULI ZA KITENZI NA UTATUZI WA BARUA PEPE INAYOGOMA KATIKA KIVINJARI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kilio cha watumiaji wa intaneti kwamba barua pepe "haifunguki". Yakichukua mji wa Malava, Kaunti ya Kakamega nchini Kenya, kuwa mandhari ya mfano, yanaonyesha kwamba kitenzi hicho kimoja hufunika kasoro nyingi zenye vyanzo tofauti, na kwamba kauli ya kutendeka, kwa kumficha mtenda, humfanya mtumiaji aione kasoro ndogo kuwa msiba usio na dawa. Inapendekezwa kwamba anayetatua tatizo ahame kutoka kauli ya kutendeka hadi kauli ya kutendwa, kisha amtaje mtenda. Hatua za utatuzi zinaelezwa kwa mpangilio huo, na mwishoni yanajadiliwa baadhi ya matatizo ya istilahi.

1.0 Utangulizi

Malava ni mji ulioko kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, katika eneo la Wakabarasi, mojawapo ya jamii za Waluhya. Ni eneo la mashamba ya miwa na la msitu wa asili uitwao kwa jina la mji wenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani huko wakati wa likizo huiacha maabara ya kompyuta chuoni, lakini shughuli za chuo humfuata. Barua ya kukubaliwa kwa mafunzo ya nyanjani, maoni ya msimamizi kuhusu rasimu ya tasnifu na taarifa za mkopo wa masomo huja kwa barua pepe, na aghalabu huwa na siku ya mwisho ya kujibiwa. Barua isiposomwa kwa wakati, nafasi hupotea.

Barua pepe ya mtandao wa kompyuta ilianza mwaka 1971, pale Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma ujumbe kutoka mashine moja hadi nyingine na kuchagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Kwa miaka mingi msomaji wa barua hizo alihitaji programu maalumu katika kompyuta yake. Mambo yalibadilika huduma za barua pepe za wavuti zilipoenea: Hotmail ilizinduliwa mwaka 1996, Yahoo! Mail mwaka 1997, na Gmail mwaka 2004. Tangu hapo, yeyote aliyeweza kufikia kompyuta yenye kivinjari aliweza kusoma barua zake, hata kama kompyuta hiyo si yake.

Uhuru huo una gharama yake. Barua pepe ya wavuti hupita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia mwenyewe: kivinjari cha mwenye duka, saa ya kompyuta ya mwenye duka, laini ya kampuni ya simu, na seva iliyo mbali na Malava. Mmoja wao akikwama, ukurasa hauonekani. Mtumiaji huona matokeo tu, mtenda hamwoni. Hapo ndipo sarufi inapoingia katika suala ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi.

2.0 Kitenzi kimoja, kasoro nyingi

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanafunzi anaingia katika kituo cha intaneti mjini Malava, au saiba kama wengi wakiitavyo, akiwa na sarafu za muda wa nusu saa. Anasubiri barua ambayo lazima aijibu kabla ya jioni. Anaandika anwani ya huduma yake, anabonyeza, na ukurasa hautokei. Anamgeukia mhudumu:

"Dada, barua pepe yangu haifunguki."
"Haifunguki vipi, ndugu yangu?"
"Haifunguki tu."

Swali la mhudumu ndilo swali la kitaalamu, na jibu la mwanafunzi ndilo kiini cha tatizo. Kitenzi "haifunguki" kinaweza kuchanganuliwa hivi: ha- ni kikanushi, -i- ni kiambishi cha ngeli, -fung- ni mzizi, -u- ni kiambishi cha kutendua, -k- ni kiambishi cha kutendeka, na -i ni kiishio cha ukanushi. Kiambishi -k- kina maana mbili. Ya kwanza ni ya hali: jambo limetokea bila kumtaja aliyelitenda, kama katika "kikombe kimevunjika". Ya pili ni ya uwezekano: jambo linaweza kutendwa, kama katika "njia hii inapitika". Kwa hiyo "haifunguki" inaweza kumaanisha kwamba kwa sasa haiko wazi, au kwamba haiwezi kabisa kufunguliwa.

Utata huu una madhara ya kweli. Anayeichukua maana ya pili huamini kwamba barua pepe yake imekufa. Huiacha akaunti ya zamani na kufungua mpya, ilhali watu waliomwandikia bado wanatumia anwani ya kale. Barua anayoingoja itafika salama katika kikasha ambacho yeye mwenyewe amekitelekeza. Aliyeichukua maana ya kwanza atauliza ni nini kilichozuia, na mara nyingi atapata jibu kabla ya sarafu zake kwisha.

Jozi zifuatazo zinaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi:

(a) Mtandao umekatika. / Mtandao umekatwa.
(b) Ukurasa umezuilika. / Ukurasa umezuiwa.
(c) Nywila imebadilika. / Nywila imebadilishwa.
(d) Barua zimefutika. / Barua zimefutwa.

Katika (a), sentensi ya kwanza yaweza kuelezea nguzo iliyoanguka kwa dhoruba. Ya pili inadokeza kwamba yupo aliyekata, labda kwa sababu ada haikulipwa. Katika (c) tofauti ni nzito zaidi. Nywila haibadiliki yenyewe. Anayesema "imebadilika" anapaswa kujisahihisha mara moja na kujiuliza: imebadilishwa na nani? Ikiwa si yeye aliyeibadilisha, tatizo si la kivinjari bali ni la usalama, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Hata hivyo, kauli ya kutendwa peke yake haitoshi. "Imezuiwa" nayo yaweza kumficha mtenda iwapo kihusishi "na" hakikufuatiwa na jina. Ngazi kamili ya utatuzi basi ina vidato vitatu: haifunguki, imezuiwa, imezuiwa na fulani.

3.0 Safari ya ukurasa na watenda wake

Ili kumtaja mtenda, ni lazima kuijua njia ya ukurasa. Mtumiaji anapoandika anwani, kivinjari kwanza huuliza jina hilo la kikoa lina namba gani, kwa kuwa mashine hutafutana kwa namba, si kwa majina. Akipewa namba, kivinjari huigongea seva hodi. Seva hutoa cheti cha usalama, na kivinjari hukikagua: je, ni cha kikoa hiki? Kimetolewa na mamlaka inayoaminika? Muda wake umeanza na haujapita? Cheti kikikubaliwa, mawasiliano husimbwa na ukurasa wa kuingilia huletwa. Mtumiaji akiandika jina na nywila, seva humpa kivinjari kidakuzi, yaani kijirekodi cha kumtambulisha ili asiulizwe upya kila anapobonyeza. Hatimaye huletwa programu ndogo zinazochora kikasha chenyewe, na sehemu ya hizo huhifadhiwa katika akiba ya kivinjari ili zisipakuliwe tena kesho.

Kwa hiyo watenda wakuu ni sita: laini ya mtandao, saa ya kompyuta, akiba na vidakuzi, kivinjari pamoja na viendelezi vyake, seva, na akaunti yenyewe. Kila mmoja ana dalili zake.

4.0 Hatua za utatuzi

Kanuni ya jumla ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayefuta akiba, akabadili kivinjari na kuzima mtambo wa mtandao kwa pamoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua kilichomfaa, na kesho ataanza upya.

4.1 "Umekatwa na laini"

Jaribio la kwanza ni kufungua tovuti nyingine isiyohusiana na barua pepe. Ikiwa nayo haiji, mtenda ni laini: kifurushi cha data kimekwisha, waya umelegea, au mtambo unahitaji kuzimwa na kuwashwa. Katika mitandao ya wazi isiyotumia waya, huenda kuna ukurasa wa kukubali masharti ambao haujajibiwa. Ikiwa tovuti nyingine zinakuja ila ya barua tu, laini imeondolewa lawama kwa kiasi kikubwa. Ujumbe ukisema kwamba anwani ya seva haikupatikana, kwanza ikaguliwe tahajia. Herufi moja ikikosewa katika anwani, mtumiaji aweza kupelekwa kusiko, hata katika ukurasa wa walaghai unaofanana na ule wa kweli.

4.2 "Kimekataliwa kwa sababu ya saa"

Kasoro hii hudharauliwa, nayo huwatesa wengi. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya mviringo inayoitunza saa umeme unapozimwa. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma, pengine hadi Januari ya mwaka wa kale. Kivinjari kikikagua cheti cha seva kwa saa hiyo, hukiona kuwa ni cha wakati ambao bado haujafika, nacho hukikataa. Mtumiaji huona onyo kwamba mawasiliano si salama. Cheti hakina ila, na seva haina kosa. Dawa ni kurekebisha tarehe, mwaka, saa na majira ya eneo, kisha kubadilisha betri. Onyo hilo lisirukwe kwa kubonyeza tu "endelea": huenda saa ni sahihi na anayejitambulisha kuwa seva ni mlaghai.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili huandikwa 08:00 katika kompyuta. Anayeandika 02:00 ameirudisha saa nyuma kwa muda wa saa sita. Kosa hilo huenda lisiathiri cheti chenye uhai wa miezi, lakini huharibu namba za uthibitisho zinazokokotolewa na programu kutokana na wakati, ambazo kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30. Ikiwa saa ya kifaa kinachozikokotoa imekosewa, namba zitakataliwa ingawa mwenye akaunti ni halali.

Vyeti navyo vina mwisho wao. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kilimaliza muda wake, na baadhi ya vifaa vikuukuu ambavyo havikuwa vimesasishwa vikashindwa kufungua tovuti zilizotegemea mnyororo huo. Katika hali hiyo kurekebisha saa hakufui dafu. Kinachohitajika ni kusasisha mfumo au kutumia kifaa kingine.

4.3 "Imeharibiwa na akiba au kidakuzi"

Dalili zake ni ukurasa mweupe, picha zilizovurugika, au ukurasa wa kuingilia unaojirudia hata baada ya nywila sahihi. Kabla ya kufuta chochote, ifunguliwe Hali Fiche, ambayo huanza bila vidakuzi vya awali. Barua ikifunguka huko, ushahidi unaelekea kwa akiba, vidakuzi au kiendelezi. Vifutwe basi vidakuzi na akiba ya tovuti hiyo peke yake. Anayefuta data zote za kivinjari katika kompyuta ya umma huwatoa wateja wengine katika akaunti zao. Na anayefuta pia nywila zilizohifadhiwa katika kompyuta yake huenda akajifungia nje mwenyewe. Mwenye saiba aombwe ruhusa kwanza.

4.4 "Imezuiwa na kivinjari au kiendelezi"

Viendelezi vya kuzuia matangazo vyaweza kuzuia hata programu zinazochora kikasha. Vizimwe kimoja kimoja na ukurasa upakiwe upya. Ikiwa kivinjari chenyewe ni cha kale, kisasishwe au kijaribiwe kingine. Internet Explorer, kilichotawala kompyuta nyingi za saiba miaka ya 2000, kilistaafishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022. Google nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba mwonekano sahili wa Gmail, uliozisaidia laini dhaifu na vivinjari vikuukuu, ungeondolewa kuanzia Januari 2024. Mwongozo wa zamani unaomshauri mtumiaji akimbilie mwonekano huo haufai tena. Mwenye laini dhaifu sasa anaweza kutumia programu ya barua katika simu, ambayo huhifadhi baadhi ya barua kwa ajili ya kusomwa nje ya mtandao.

4.5 "Seva imezidiwa"

Seva inapokuwa na kosa, mara nyingi hujibu kwa namba. Namba zinazoanza kwa 4 kwa kawaida huelekeza kidole kwenye ombi: 403 ni kukatazwa, 404 ni ukurasa kutopatikana. Zinazoanza kwa 5 huelekeza kidole kwenye seva: 500 ni hitilafu ya ndani, 503 ni huduma kutokuwepo kwa muda, na 504 ni lango lililosubiri jibu bila kulipata. Mwanafunzi aliye Malava hana la kuitendea seva ya mbali. Anachoweza ni kuthibitisha kwa kifaa cha pili chenye laini tofauti, kwa mfano simu. Na ikiwa hali ni ileile, aipumzishe kompyuta na kumpigia simu msimamizi wake kueleza kinachomchelewesha. Kujua kwamba kosa si lako ni sehemu ya utatuzi: huzuia kulipia saa nzima ya kubonyeza bure.

4.6 "Imefungwa na mwenye huduma"

Ikiwa ukurasa wa kuingilia unakuja vizuri ila mtumiaji anakataliwa, kivinjari kimeondolewa lawama. Huenda nywila imekosewa kwa sababu kitufe cha herufi kubwa kimewashwa, au huduma imeshuku uingiaji kutoka mahali pageni na kudai uthibitisho kwa simu. Ndiyo maana namba ya simu na anwani ya akiba zinapaswa kusasishwa mapema, si siku ya dharura. Nywila asipewe mhudumu, hata awe mwema kiasi gani. Asimame kando wakati inapoandikwa. Kazi ikiisha, mtumiaji ajitoe katika akaunti na kufunga kivinjari.

5.0 Istilahi: daraja au kizuizi?

Hatua hizi zote hutegemea kuelewa ujumbe unaoonyeshwa. Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi katika Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, na Gmail ina kiolesura cha Kiswahili. Juhudi za kuifanya kompyuta iseme Kiswahili hazikuanza leo: mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini kwa Kiswahili.

Tatizo lililobaki ni la upatanifu. Dhana moja ina majina zaidi ya moja: nywila na nenosiri, tarakilishi na kompyuta, baruameme na barua pepe. Wingi huo si dhambi katika fasihi, lakini mtu aliyesoma "nywila" shuleni na kuonyeshwa "nenosiri" kwenye skrini hupoteza muda anaoulipia. Tatizo la pili ni jina moja kubeba dhana nyingi. "Pakia" hutumika kwa kupeleka faili kwenye seva na pia kwa ukurasa unaojileta mbele ya mtumiaji. Anayesema "haipakii" anaweza kuwa na maana kwamba ukurasa hauji, au kwamba kiambatisho hakiendi: kasoro mbili zenye pande zinazopingana.

Baadhi ya istilahi, kinyume chake, hufundisha zenyewe. "Akiba" humwambia mtumiaji kwamba kuna kitu kilichowekwa kwa ajili ya kesho. Na kilichowekwa chaweza kuchacha. Istilahi ya namna hiyo inabeba nusu ya maelezo. Hii ni kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya bora kuliko fundi: kupima kama neno lililoko kwenye skrini linamwelekeza msomaji kwenye chanzo au linamwacha gizani.

6.0 Hitimisho

Sarufi haibadilishi betri wala haiongezi data katika simu. Inachofanya ni kumpa mtu swali linalofaa. Makala haya yameonyesha kwamba kauli ya kutendeka hulieleza tatizo kama sifa ya kitu chenyewe, ilhali kauli ya kutendwa, ikikamilishwa kwa kumtaja mtenda, hulieleza kama tukio lenye chanzo na hivyo lenye dawa. Mwanafunzi wa Malava aliyemwambia mhudumu "haifunguki tu" angeweza kusema: "Tovuti nyingine zinakuja, hii inasema cheti si halali, na saa ya kompyuta hii inaonyesha mwaka wa kale." Akisema hivyo, karibu amekwisha kulitatua tatizo. Tarehe itarekebishwa, ukurasa utakuja, na barua itajibiwa kabla ya jioni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Inafaa kuongezwa kwamba kuuliza vizuri ni nusu ya jibu.

Zoezi

1. Changanua kimofimu vitenzi hivi, kisha ueleze kila kimoja kinamficha au kinamdokeza mtenda: haipatikani, imezimwa, imejifunga, hautumiki.
2. Kitenzi "imeganda" hakina kiambishi cha kutendeka wala cha kutendwa. Je, kinamsaidia au kinampotosha anayetafuta chanzo cha kasoro?
3. Lukabarasi, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu yenye viambishi vya mnyambuliko. Kwa kuwahoji wazungumzaji, linganisha namna lugha hizi mbili zinavyotenganisha "kukatika" na "kukatwa".
4. Pendekeza vitenzi viwili tofauti vya kuondoa utata wa "pakia", na utetee uteuzi wako.